Basi Lililosubiri Mgeni Rasmi

Katika nchi hiyo, ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa wenyewe wameunda kamati ya kulitafutia jingine lenye hadhi zaidi, kila kitu huzinduliwa. Daraja likimalizika halipitwi mpaka mgeni rasmi akate utepe. Bomba likiwekwa sokoni, akina mama huketi na ndoo zao wakiyatazama maji yakimwagika, na hawayagusi mpaka diwani aje, anywe glasi ya kwanza, ajifute mdomo na kutamka kwamba yana ladha ya maendeleo. Kabla ya hapo maji hayapo. Hiyo ndiyo sheria yao, nami sina la kuikosoa, maana kila nchi ina utaratibu wake.

Kuna mtoto alizaliwa kwenye wodi mpya kabla Waziri hajafika kuifungua. Kwa kuwa wodi ilikuwa haipo, mtoto naye aliandikishwa kama tetesi. Leo hii ana ndevu, ana mke, na kila akiomba pasi ya kusafiria huambiwa asubiri, taarifa zake bado zinathibitishwa.

Huko ndiko alikofanya kazi Bi. Hidaya Mkwawi, Mkurugenzi Msaidizi wa Usafiri Endelevu na Maslahi ya Umma katika Mji Mkuu. Cheo chenyewe kilikuwa kirefu hata mlango wa ofisi ukapanuliwa ili kibao kienee. Hidaya alikuwa mwanamke mchangamfu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na tatizo lake kubwa, ambalo wakubwa wake walilijua na kumsamehe, ni kwamba alitaka watu wasafiri.

Si kwamba mji ule haukuwa na usafiri. Ulikuwa na foleni. Foleni yao ilikuwa kongwe kuliko bunge, na iliheshimiwa zaidi. Watu walichumbiana kwenye foleni, wakaoana kwenye foleni, na upo ukoo mzima wa watu wenye kutembea kwa madaha ambao ukiwauliza asili yao ni wapi watakuambia ni barabara ya Bondeni, baina ya taa za kwanza na za pili. Serikali ilijivunia hali hiyo. Kila mwaka Waziri aliwakumbusha wananchi kwamba nchi maskini hazina foleni, kwa sababu hazina magari ya kuzisimamisha.

Katikati ya barabara hiyohiyo ya Bondeni, Hidaya alifanikiwa kujengesha njia ya mabasi. Ilikuwa njia nyoofu, laini, ikitoka Bondeni, ambako watu ni wengi kama siafu, mpaka Uwanja wa Ushindi katikati ya mji. Mabasi yake yalikuwa ya umeme, ya kijani, yasiyotoa moshi wala kelele. Yalifika, yakapangwa kwenye yadi ya Bondeni, yakafunikwa maturubai. Utepe ukafungwa mwanzoni mwa njia, askari akawekwa kuulinda. Kila masika yalipoupausha, ulibadilishwa kwa heshima zote.

Basi watu wakawa wanakaa kwenye foleni siku nzima, jasho likiwatoka, huku pembeni yao wakiitazama njia tupu inayong'aa. Mwanamume mmoja aliyeikatiza alikamatwa kwa kosa la kuwa mahali ambapo hapajakuwapo. Wakili wake alitetea kwamba kama mahali hapo hapakuwapo, basi na mteja wake hakuwapo. Hakimu aliona hoja ina uzito, akamwachia huru, na mkewe akashauriwa aanze kukaa eda.

Hidaya alikwenda mara nyingi kwa Katibu Mkuu, Daktari Theofilo Mbwilo, kuomba mradi uzinduliwe. Daktari Mbwilo alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, na alilipenda neno "endelevu" kama wengine wanavyopenda sukari.

"Bi. Hidaya," alimwambia siku moja, "hebu tafakari. Basi lisilotembea halichafui hewa. Halichakai. Halijamgonga mtu. Duniani kote wanahangaika kutafuta usafiri endelevu, sisi tunao, tena tumeufunika turubai. Wewe unataka tuuharibu kwa kuutumia?"

"Na maslahi ya umma, Daktari?"

"Umma tumeushirikisha."

Hilo ni kweli. Mkutano wa wadau ulifanyika katika hoteli moja mlimani, mbali na mji, kwa sababu mjini kulikuwa na foleni na wadau wasingefika. Walikuja waagizaji wa magari, wauza matairi, wenye vituo vya mafuta na wakuu wa idara, kila mmoja ndani ya shangingi lake peke yake, vioo vimepandishwa. Umma haukuweza kufika, haukuwa na usafiri, hivyo ukawakilishwa na picha yake kubwa iliyowekwa kwenye fremu na kuegeshwa juu ya kiti cha mbele. Picha ilipewa chupa ya maji na kalamu. Mwenyekiti aliiuliza kama ina pingamizi, akasubiri kidogo kwa uungwana, kisha akaishukuru kwa ushirikiano wake.

Hidaya angeweza kuyacheka hayo yote, na kwa kweli aliyacheka, lakini nyumbani alikuwa na jambo lisilochekesha. Mama yake, Bi. Sikudhani, aliishi Bondeni na alikuwa mgonjwa wa magoti. Kliniki ya magoti iko kule mjini. Kwa kuwa magari ya Bondeni hayaendi, Bi. Sikudhani alikuwa akitembea kwa miguu kwenda kutibiwa miguu, na alichokipata kwa daktari alikiacha njiani wakati wa kurudi. Mara mbili mfululizo alishindwa kufika. Muuguzi akampa onyo kwa upole: kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Afya, mgonjwa asiyehudhuria mara tatu huhesabiwa amepona, jina lake hufutwa, na hupelekewa kadi ya pongezi.

"Mwanangu," alisema Bi. Sikudhani, "mimi pongezi zao sizitaki. Hilo basi lenu linaanza lini?"

"Mwezi ujao, mama."

"Mwezi ujao wa mwaka gani?"

Aibu ilimshika Hidaya kweli. Kila asubuhi alipita mbele ya yadi akayaona maturubai yale, akajisikia kama mtu aliyepika pilau kisha akaikalia sufuria watu wakifa njaa.

Hatimaye siku ikapangwa. Mtukufu Kiongozi, Baba wa Barabara Zote, alikuwa akirejea kutoka ng'ambo, alikokwenda kuhudhuria kongamano la kimataifa la kupunguza misongamano, na ilionekana ni jambo jema atoke uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka jukwaani, akate utepe mwingine wa dhahabu uliofungwa pale Uwanja wa Ushindi, na mabasi yaanze. Hidaya aliamriwa ayasubirishe mabasi Bondeni mpaka apigiwe simu. Alifurahi mno, na furaha yake ilizidi alipokumbuka kwamba siku hiyohiyo ndiyo miadi ya tatu ya mama yake.

Hapa inabidi niwaeleze desturi moja. Katika nchi ile kiongozi mkubwa hawezi kufika mahali bila kupokewa na wadogo wake wote. Kwa hiyo mawaziri, makatibu, wakurugenzi, mabalozi wastaafu na wenyeviti wa bodi walikwenda wote uwanja wa ndege kumpokea Mtukufu, kila mtu na shangingi lake. Wakampokea vizuri sana. Lakini jukwaani nako ilikuwa lazima apokewe, na wa kumpokea ni nani kama si haohao? Mara tu Mtukufu alipoingia kwenye gari, wote wakakimbilia magari yao na kuondoka kwa kasi ili wamtangulie. Waliotangulia wakabanana barabarani. Waliochelewa wakapita pembeni ili nao watangulie, wakakutana uso kwa uso na wengine waliokuwa wakirudi kuona kwa nini Mtukufu amechelewa. Barabara zote nyingine zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya msafara, hivyo hapakuwa na pa kutokea. Msafara wa Mtukufu ukasimama kabisa, mbele ya yadi ya Bondeni.

Jua likawa linapanda. Mtukufu akastahimili, kisha akashindwa, akafungua mlango mwenyewe, jambo ambalo liliwashtua walinzi wake kwa kuwa hawakujua kama anaweza. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kitoto, na jasho lilikuwa limelowesha suti yake mpaka mgongoni. Akatafuta kivuli kwa macho. Kivuli pekee kilikuwa cha basi la kwanza ambalo Hidaya alikuwa amelifunua, na kwenye ngazi ya basi hilo alikuwa ameketi Bi. Sikudhani, magoti yamegoma, mkoba wa dawa mapajani, akingoja muujiza.

"Sogea hapa kivulini, mwanangu," alisema. "Utaanguka."

Mtukufu hakuwa amemwamkia mtu tangu aingie madarakani, utaratibu wa itifaki haukuwa na kifungu hicho, lakini neno likamtoka lenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatembea juani bila hata mwavuli? Kwenu hawakutunzi?"

Daktari Mbwilo alifika mbio, shati limechomoka. Nyuma yake alikuja Kamanda Ngwale, mkuu wa usalama, mtu aliyekuwa akishuku kila kitu pamoja na kivuli chake mwenyewe.

"Hili ndilo basi langu?" aliuliza Mtukufu.

"Ndilo, Mtukufu," alijibu Daktari Mbwilo.

"Na ile njia tupu ni ya nini?"

"Ni ya basi hili, Mtukufu."

"Basi si nipande, nifike jukwaani?"

"Haiwezekani, Mtukufu. Basi bado halijazinduliwa. Halipo."

"Nani wa kulizindua?"

"Wewe, Mtukufu."

"Mimi si huyu hapa?"

Daktari Mbwilo alitazama ratiba, akasikitika. "Kwa wakati huu, Mtukufu, upo jukwaani. Umeshaanza kuhutubia."

Mtukufu akaonekana kama mtu anayetaka kulia. Hidaya naye alimtazama mama yake, akaitazama saa, na akaona kadi ya pongezi ikija. Woga ukamtoka wote.

"Mtukufu," alisema, "kanuni zinakataza kulitumia basi kabla ya uzinduzi. Hazikatazi kulijaribu. Majaribio yanaruhusiwa, mradi abiria wa majaribio wawe ni wananchi wa kawaida wasio na vyeo, ili wakiumia isiwe hasara kwa serikali."

"Mtukufu si mwananchi wa kawaida," alisema Daktari Mbwilo.

"Ndiyo maana hatahesabiwa. Wananchi ndio wanaojaribu. Yeye yumo tu."

Kamanda Ngwale alikunja uso akalifikiria jambo hilo, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akapendezwa. Alieleza kwamba Mtukufu akiwa peke yake ndani ya basi adui atamwona, lakini basi likijaa watu hata mama yake mzazi hatamtambua. Kwa sababu za kiusalama, akaamuru, basi lijazwe watu haraka. Wakazi wa Bondeni, ambao walikuwa wamejaa kando ya barabara wakiangalia sinema ya bure, hawakuhitaji kuamriwa mara mbili. Wakapanda na vikapu vyao, na matenga ya nyanya, na bwana mmoja na mlango wa kabati. Hidaya akampandisha mama yake, akapanda naye; Daktari Mbwilo, ambaye hapandi kitu kisichokuwapo, akarudi kwenye shangingi lake.

Dereva aliitwa Kitwana. Tangu aajiriwe alikuwa akija kila asubuhi, anaketi kwenye basi lililosimama, anazungusha usukani, anakata kona zote hadi Uwanja wa Ushindi, anapumzika, kisha anarudi. Siku hiyo alipokanyaga na basi likaondoka kweli, alishtuka akaomba radhi. Askari wa utepe aliona basi linamjia, akaona na nani yumo dirishani, akapiga saluti kwa mkono mmoja na kwa mwingine akafungua fundo la utepe.

"Mbona halinguruni?" aliuliza bwana wa mlango wa kabati. "Limezimika?"

"Linakwenda," alisema Mtukufu, ambaye alikuwa amebanwa dirishani na Bi. Sikudhani. Nje mashangingi ya mawaziri wake yalikuwa yamesimama, moja baada ya jingine, na yeye alikuwa akiyapita. Alimpungia Waziri wa Ujenzi. Waziri wa Ujenzi, aliyeamini Mtukufu yuko nyuma yake, alimwona abiria mpumbavu anayempungia, akageuza uso. Mtukufu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza kuuliza: wale watu wanaotembea kandokando wanakwenda wapi? Kwa nini ni wengi? Ni sherehe gani?

"Wanakwenda kazini," alisema Bi. Sikudhani.

"Kila siku?"

"Na jioni wanarudi, mwanangu. Hebu shika mkoba wangu niitafute kadi yangu ya kliniki." Akaipata kadi, akamgeukia dereva. "Shusha hapo kliniki, baba."

Basi likasimama. Kamanda Ngwale akaruka kutoka kitini. "Hakuna anayeteremka kabla ya Mtukufu. Itifaki hairuhusu."

"Basi ateremke yeye kwanza," alisema Bi. Sikudhani. "Nimechelewa."

Ikabidi Mtukufu ateremke. Wagonjwa waliokuwa nje wakimsubiri daktari walimwona Kiongozi wao akishuka kwenye basi, ameshika mkoba wa kike, wakapiga makofi kwa mshangao. Bi. Sikudhani akauchukua mkoba wake, akashukuru, akaingia ndani akichechemea. Hidaya alimfuata kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

Mtukufu akapanda tena. Kituo kilichofuata kilikuwa sokoni, na mwenye nyanya alitaka kushuka. Mtukufu akashuka, akapigiwa makofi, akapanda. Kituo cha shule, akashuka, akaimbiwa, akapanda. Kwa bwana wa mlango wa kabati alishuka hata akausaidia mlango kutoka. Alikuwa hajawahi kupokewa mara nyingi kiasi hicho kwa siku moja, na kila mara na watu ambao hawakuagizwa. Alifika Uwanja wa Ushindi akiwa amenawiri.

Jukwaani hapakuwa na mtu. Wenye kumpokea walikuwa kwenye foleni. Mkasi wa dhahabu ulikuwa kwenye foleni, juu ya mto wa hariri, ndani ya shangingi la Waziri. Mtukufu akaketi kwenye kiti chake kikubwa, lakini hapakuwa na wa kusema "sasa namkaribisha mgeni rasmi," na kwa itifaki mgeni rasmi asiyekaribishwa hawezi kusimama akazindua. Akanywa soda yake. Akatazama viti vitupu. Kisha akainuka, akarudi kwenye basi, na kabla ya kupanda akamwambia Hidaya, "Majaribio yaendelee mpaka nitakapozindua." Neno lake ni sheria, hata akilisema na soda mkononi.

Majaribio yakaendelea. Mabasi yote yakafunuliwa, yakaanza kuwajaribu watu wa Bondeni asubuhi na jioni, na watu wa Bondeni wakakubali kujaribiwa bila manung'uniko. Kwa kuwa mabasi hayakuwapo kisheria, hapakuwa na waziri wa kuyatungia kodi, wala mwenye shangingi aliyeweza kuomba kibali cha kupita kwenye njia ya mabasi, maana kibali cha kupita mahali pasipokuwapo hakitolewi.

Daktari Mbwilo alipotoka kwenye foleni, akiwa amekonda na amefuga ndevu kidogo, alikuja moja kwa moja ofisini kwa Hidaya.

"Tunapanga uzinduzi upya," alisema. "Mabasi yarudi yadini yafunikwe. Mgeni rasmi hawezi kuzindua kitu kilichotumika."

Daktari wa magoti alikuwa amesema matibabu ya mama yake bado ni marefu, na yakikatizwa yataanza upya. Kubishana na Daktari Mbwilo ni kumwongezea hoja. Hidaya akatabasamu.

"Wazo zuri sana, Daktari. Tatizo ni barua. Nikiandika mabasi yarudi, nitakuwa nimekiri kwa maandishi kwamba yapo."

Daktari Mbwilo alikuna ndevu zake. "Hilo sikuliona."

"Tuyaache tu, hayapo. Tuweke nguvu kwenye uzinduzi wenyewe. Mara ile mapokezi yalipwaya, ndiyo maana mambo yakaharibika. Nashauri tuongeze wageni. Tuwaite na wakuu wa mikoa, na kila mmoja aje na gari lake, kama inavyostahili hadhi yake."

"Na manaibu wao," alisema Daktari Mbwilo, macho yakimng'aa.

"Na manaibu wao. Magari tofauti."

Uzinduzi wa pili uliishia uwanja wa ndege, magari hayakuweza hata kutoka kwenye maegesho. Kwa wa tatu Hidaya alipendekeza waalikwe na mabalozi. Sasa wanaandaa mwingine, mkubwa kuliko yote, na yeye ndiye katibu wa kamati ya maandalizi. Wanamsifu kwamba hakuna ofisa anayeujali uzinduzi kama yeye, na kwa kweli hulala vizuri.

Nilipopita mji ule mara ya mwisho, Bi. Sikudhani alikuwa kliniki, ameketi kwenye benchi la mbele, wa kwanza kabisa. Daktari aliingia akivua koti, akamshangaa.

"Leo umewahi, mama. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na basi ambalo bado halijaanza."

"Hata mimi," alisema daktari, akavuta kiti. "Haya, nyoosha huo mguu tuone."